Kiwanja cha ndege cha mkoa: nani analipa baada ya utepe kukatwa?

Kila mwaka bajeti ya uchukuzi inapojadiliwa bungeni Dodoma, wabunge wa mikoani huinuka mmoja baada ya mwingine kudai viwanja vya ndege. Huyu anataka lami, yule anataka taa, mwingine anauliza fidia ya wananchi wake waliopisha mradi. Wana haki ya kudai. Mtu wa Bukoba anayekwenda Dar es Salaam kwa basi ana safari ya zaidi ya kilomita 1,300, na mgonjwa wa rufaa hana muda wa kukaa barabarani hivyo. Shida ni kwamba mjadala huishia kwenye ujenzi. Ni nadra kusikia mtu akiuliza nani atalipa umeme wa zile taa, mishahara ya zimamoto, na hasara ya ndege itakayoondoka ikiwa na viti vitupu nusu nzima. Naamini hapo ndipo viwanja vyetu vya mikoani vinapokwama, na ndipo fedha nyingi za umma zinapopita bila mwananchi kuziona.

Kwanza tuelewane kuhusu neno "serikali", kwa sababu kiwanjani serikali si mtu mmoja. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania, TAA, iliyoanzishwa mwaka 1999, inasimamia viwanja zaidi ya 50 vya Tanzania Bara. Zanzibar ina mamlaka yake. Ndege ikishakuwa angani inaongozwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ambayo pia ndiye mdhibiti anayetoa vyeti na leseni. Taarifa za ukungu na upepo zinatoka Mamlaka ya Hali ya Hewa. Magari ya kuzima moto yana askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Miradi mikubwa ya ujenzi, ukiwamo wa kiwanja kipya cha Msalato, Dodoma, ilikabidhiwa Wakala wa Barabara, TANROADS. Ndege zenyewe zinazopakwa rangi za Air Tanzania zilinunuliwa kupitia Wakala wa Ndege za Serikali, TGFA, na ATCL, yaani kampuni ya Air Tanzania, imekuwa ikizikodi kutoka kwake. Kila mmoja ana fungu lake, bosi wake na ripoti yake ya mwaka.

Ndiyo maana kila mmoja anaweza kutimiza sehemu yake na kiwanja bado kisifanye kazi ipasavyo. Mfano ulio wazi zaidi ni Songwe. Kiwanja hicho kilifunguliwa Desemba 2012, baada ya ujenzi uliochukua zaidi ya miaka kumi, kuchukua nafasi ya kile cha zamani cha Mbeya kilichokuwa kimezungukwa na nyumba mjini. Barabara yake ya kurukia ina urefu wa zaidi ya kilomita 3. Kwa macho ya mtu wa kawaida, kazi ilikuwa imekwisha. Lakini Mbeya ni nchi ya ukungu, na Songwe ilianza kazi bila taa za kuongozea ndege. Kwa miaka mingi ndege zilitoka Dar es Salaam asubuhi, zikafika juu ya Songwe, zikazunguka zikisubiri ukungu upungue, kisha zikageuza kurudi zilikotoka. Abiria aliyelipa nauli ya Mbeya akajikuta ameshuka tena Dar es Salaam. Mafuta yamechomwa, saa za injini zimetumika, na pengine hoteli nayo inatakiwa kulipwa. Taa zilikuja kufungwa takriban miaka kumi baada ya kiwanja kufunguliwa.

Taa zinastahili kuzungumzwa kwa kirefu, kwa sababu nadhani ndizo msaada unaodharauliwa kuliko wote. Tanzania iko karibu na ikweta, kwa hiyo mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Kiwanja kisicho na taa hufunguka saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa jua linapozama. Sasa fikiria Bombadia ya Q400 ya ATCL, yenye viti 76. Iruke au isiruke, kuna gharama ya kuikodi, bima, mishahara ya marubani na matengenezo yanayofuata kalenda. Inaanza kurudisha fedha hizo pale tu inapokuwa hewani na watu ndani. Kama viwanja vingi vya mikoani havipokei ndege usiku, mpangaji wa ratiba analazimika kuibana mikoa yote ndani ya saa hizohizo za mchana, na jioni ndege inalala Dar es Salaam. Ndege ambayo ingeweza kwenda na kurudi mara tatu inaishia mara mbili. Ndiyo maana taa zikifungwa Songea, zinaweza kumsaidia hata abiria wa Kigoma, maana saa za ndege zimepatikana. Na gharama yake ni sehemu ndogo tu ya gharama ya kurefusha lami. Hata hivyo, nani amewahi kuona kampeni ya uchaguzi ikipigiwa debe kwa taa za kiwanja? Urefu wa lami ndio unaotangazwa.

Kuhusu urefu huo, kuna sababu za kweli na kuna mazoea. Sababu ya kweli ni mwinuko. Iringa, Dodoma na Songwe viko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, na jua likiwa kali inazidi kuwa nyepesi, hivyo bawa linahitaji mwendo mkubwa zaidi kabla ya kuinua ndege, na mwendo huo unahitaji lami. Ndege ileile inayoruka Tanga bila shida inaweza kulazimika kuacha abiria au mizigo Iringa mchana wa jua kali. Hapo kurefusha lami ni kuongeza viti vinavyouzika. Mtwara nayo ilirefushwa hadi mita 2,800 kutoka 2,258, na ndege za jeti zikapata nafasi. Lakini ndege za panga boi zinazobeba safari nyingi za mikoani, yaani ATR na Q400, hazihitaji kilomita 3. Abiria hawaongezeki kwa sababu lami ni ndefu. Wanaongezeka mji unapokuwa na biashara, vyuo, hospitali, migodi au watalii, na nauli inapofikika.

Zimamoto nayo ina hesabu yake, isiyofahamika sana. Kanuni za kimataifa hupanga daraja la zimamoto la kiwanja kwa kuangalia urefu na upana wa ndege zinazotua hapo. ATR 42, yenye urefu wa mita 22.7, iko daraja la 4, na gari moja linatosha. Q400, yenye urefu wa karibu mita 33, iko daraja la 6, na hapo yanatakiwa magari mawili, maji mengi zaidi, povu zaidi na askari zaidi wa zamu. Kanuni inaruhusu kushuka daraja moja pale safari zinapokuwa chache, lakini mwelekeo uko wazi: ndege kubwa zaidi ikipelekwa mkoani, gharama ya kila siku ya kiwanja inapanda, iwe ndege hiyo imejaa au haikujaa. Sherehe ya kupokea ndege mpya haiambatani na fungu la kununua gari la pili la zimamoto. Linatakiwa kupatikana kwingine.

Tarehe 6 Novemba 2022 tuliona kwa uchungu maana ya mambo haya. Ndege ya Precision Air aina ya ATR 42, ikiwa na watu 43, ilianguka Ziwa Victoria karibu kabisa na kiwanja cha Bukoba katika hali mbaya ya hewa, na watu 19 wakafariki. Waliofika kwanza kuokoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kiwanja cha Bukoba kiko ufukweni, na kiwanja cha namna hiyo kinahitaji boti ya uokoaji iliyo tayari, watu waliofundishwa kuitumia, na mazoezi ya mara kwa mara. Hayo yote ni matumizi ya kawaida ya kila mwezi, mwaka hadi mwaka. Wafadhili hupenda kukopesha kwa ajili ya lami. Benki ya Dunia, kwa mfano, iligharimia uwekaji lami wa viwanja vya Bukoba, Kigoma na Tabora. Mafuta ya boti na posho za mafunzo havina mkopeshaji. Vinatakiwa kutoka kwenye makusanyo yetu wenyewe.

Makusanyo hayo yanatoka wapi?

Kila tiketi ina tozo ya huduma kwa abiria. Kwa safari ya kimataifa ni dola 40, na kwa safari ya ndani ni shilingi, kiasi kidogo zaidi kwa mbali. Kuna ada za kutua, za maegesho ya ndege, kodi za maduka na migahawa, na maegesho ya magari. Zote hizi hutegemea idadi ya watu wanaopita. Kiwanja kinachopokea ndege tatu kwa wiki hakiwezi kukusanya fedha za kulipia hata zamu moja ya zimamoto. Kwa hiyo mfumo wetu, kama ilivyo katika nchi nyingi, unategemea vikubwa kubeba vidogo: Dar es Salaam inalipia Mpanda. Mtalii anayeshuka kupanda Kilimanjaro, bila kujua, anachangia mshahara wa mlinzi wa kiwanja ambacho hatakiona maisha yake yote. Sioni ubaya wowote hapo. Taifa moja hufanya hivyo kwa barabara na umeme pia.

Ila ukitaka vikubwa vibebe vidogo, lazima vyote viwe kwenye kapu moja, na kwa miaka mingi havikuwa. Kiwanja cha Kimataifa cha Kilimanjaro, KIA, chenye watalii wanaolipa kwa dola, kilikabidhiwa mwaka 1998 kwa kampuni ya KADCO kwa mkataba wa miaka 25. Serikali ilinunua hisa zote za kampuni hiyo mwaka 2009, lakini KADCO ikaendelea kukiendesha kiwanja kama kampuni ya pembeni, nje ya TAA. Suala hilo lilikuja kuwaka moto bungeni baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na Novemba 2023 TAA ikakabidhiwa KIA. Wengi waliuona mjadala ule kama suala la mkataba na majina ya watu. Kwangu mimi uzito wake ulikuwa kwa viwanja vya mikoani: katika miaka yote ile, moja ya vyanzo vikubwa vya mapato ya viwanja nchini lilikuwa nje ya kapu linalolisha Musoma na Songea.

Sasa twende kwenye ruzuku iliyo kubwa kuliko zote, nayo haiitwi ruzuku. Kuanzia Septemba 2016, zilipotua Q400 mbili za kwanza, serikali imenunua ndege nyingi mpya: Dreamliner mwaka 2018, Airbus A220 kuanzia mwaka huohuo, ndege ya mizigo ya Boeing 767 Juni 2023, na 737 MAX miezi michache baadaye. Lengo lilitangazwa wazi kuwa ni kufufua shirika la taifa na kuunganisha mikoa, na mikoa kweli imeunganishwa. Kuna miji iliyokaa miaka bila ndege ya ratiba ambayo sasa inazo. Lakini ripoti za Mkaguzi Mkuu zinaonyesha hasara ya ATCL ya takriban shilingi bilioni 35 mwaka 2021/22, bilioni 56 mwaka 2022/23, na zaidi ya bilioni 91 mwaka 2023/24, licha ya ruzuku ambayo serikali imekuwa ikitoa.

Sehemu ya hasara hiyo ina sababu inayojulikana. Injini za Pratt & Whitney za A220 zilipata hitilafu duniani kote, na ndege zikakaa chini zikisubiri vipuri huku gharama zikiendelea. Lakini ni kiasi gani cha hasara kinatokana na injini, kiasi gani na safari za nje zilizobuniwa vibaya, na kiasi gani na uamuzi wa makusudi wa kupeleka ndege Mpanda hata kama haijazi? Yote yamemwagwa kwenye tarakimu moja. Mwananchi anayesoma "hasara ya bilioni 91" anadhani ni uzembe mtupu. Mtendaji naye anaweza kujificha nyuma ya hoja ya "tunatoa huduma kwa taifa" hata pale palipo na uzembe kweli. Wote wawili wanakosa haki.

Kuna nchi zilizochagua kulitenganisha jambo hili. Marekani, ilipoondoa udhibiti wa usafiri wa anga mwaka 1978, iliweka mpango wa kuzilipa kampuni zihudumie miji midogo ambayo zingeitoroka. Umoja wa Ulaya una utaratibu ambapo serikali hutangaza njia fulani kuwa ni wajibu wa huduma kwa umma, kisha hushindanisha kampuni ipi itahitaji ruzuku ndogo zaidi. Ulio karibu zaidi na mazingira yetu ni mpango wa India uitwao UDAN. Safari yake ya kwanza iliruka Aprili 2017 kati ya Shimla na Delhi. Sehemu ya viti iliwekewa ukomo wa nauli, rupia 2,500 kwa safari ya saa moja hivi, na serikali ikawa inafidia pengo kwa miaka mitatu. Fedha zilitoka kwenye tozo ya safari za njia kubwa zenye abiria wengi.

Matokeo ya India yanatakiwa kusomwa bila mapenzi wala chuki. Mkaguzi mkuu wa huko aliripoti mwaka 2023 kwamba kati ya njia 774 zilizotolewa, 371 tu ndizo zilizowahi kuanza, 112 zikamaliza miaka yao mitatu, na 54 ndizo zilizoweza kuendelea baada ya hapo. Viwanja vingine havikuwa tayari kwa wakati, kampuni nyingine zilikosa ndege ndogo. Ukiziangalia juu juu, ni tarakimu za kukatisha tamaa. Ila mimi naziona ni hazina, kwa sababu India inajua. Inajua njia ipi imekufa, imekula kiasi gani, na ipi imesimama yenyewe. Sisi hatuna mpango rasmi wa kulipia njia moja moja, kwa hiyo hata njia ikifa au ikifanikiwa hatuna mahali pa kusoma imetugharimu nini. Isitoshe, msaada unapopitia shirika moja la serikali, kampuni binafsi kama Precision Air, ambayo imehudumia mikoa kwa miongo kadhaa, inashindana na nauli zilizobebwa na hazina bila yenyewe kupewa nafasi ya kuomba fungu lilelile.

Kiwanja kinapojengwa pasipo hesabu ya namna hii, siasa huziba pengo. Kiwanja cha Chato mkoani Geita, nyumbani kwa hayati Rais Magufuli, kina lami ya kilomita 3, na mjadala juu ya abiria wake haujaisha hadi leo. Kenya nao wana Isiolo, mradi wa shilingi za Kenya bilioni 2.7, ambao kosa lake ni kinyume chake: barabara ya kurukia ya kilomita 1.4 tu kwa kiwanja kilichotarajiwa kusafirisha mizigo nje ya nchi. Lakini sipendi kumalizia hapo, kwa sababu kuna Eldoret. Kilipofunguliwa mwaka 1997 kilisemwa sana kwamba ni zawadi ya Rais Moi kwa watu wa kwao. Leo kina safari za kila siku za Nairobi na ndege za mizigo zinatua. Kiwanja huchukua miongo kuupata mji wake, au mji kukipata kiwanja. Ndiyo maana napinga hukumu za haraka za "kiwanja kimekufa" mwaka wa tatu, na napinga vilevile kusubiri milele bila kuandika popote kinagharimu kiasi gani kwa mwaka.

Fidia nayo ni sehemu ya sera, ingawa huzungumzwa kama kero ya pembeni. Viwanja vinne vya Kigoma, Tabora, Shinyanga na Sumbawanga vilipangiwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na kazi zikakaa miaka bila kuanza. Wakopeshaji wa aina hii hudai waliopisha walipwe na wahamishwe kwa utaratibu kabla fedha hazijatoka. Huko Kagera, eneo la Omukajunguti wilayani Missenyi limetajwa miaka nenda rudi kuwa ndipo kiwanja kipya kitajengwa. Mwananchi ambaye shamba lake limewekewa alama hapandi migomba mipya, hajengi, na hakopesheki. Ameanza kukilipia kiwanja kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Na sasa kuna treni. Reli ya kisasa, SGR, ilipoanza safari za Dodoma Julai 2024, nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam ilikuwa shilingi 31,000, kiasi ambacho ndege haiwezi kukikaribia. Wakati huohuo Msalato inajengwa, ikiwa na barabara ya kurukia ya kilomita 3.6 na mkopo mkubwa wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Msalato ina hoja yake: ni kiwanja cha makao makuu, na ndege za kimataifa hazishindani na treni. Lakini Dodoma ya safari za ndani haitakuwa tena njia ya kuingiza fedha za kubeba mikoa mingine, na reli ikishafika Tabora na Mwanza hesabu za huko nazo zitabadilika. Bukoba na Sumbawanga haziko kwenye reli hiyo. Kama wizara itaanza kutenga fungu la njia moja moja, lililoandikwa kwa jina la mji na kiasi chake kwenye kitabu cha bajeti, miji hiyo miwili ndiyo ningetaka kuiona kwenye ukurasa wa kwanza.